Mawazo ya Mzazi: Uhakiki wa Kiswahili cha Orodha ya Edinburgh

Orodha ya maswali iliyotungwa na J. L. Cox, J. M. Holden na R. Sagovsky, ikachapishwa mwaka 1987 katika jarida la madaktari wa akili wa Uingereza, ni maandishi mafupi mno. Ina vifungu kumi, na kila kifungu kina majibu manne, na mama aliyejifungua huchagua lile lililo karibu zaidi na hali yake ya siku saba zilizopita. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hata 3, na jumla ya alama haiwezi kupita 30. Watungaji waliijaribu kwa mama 84, wakaona kwamba apataye 13 au zaidi yaelekea kuwa ni mgonjwa na yafaa achunguzwe. Tangu hapo orodha hii, ijulikanayo kwa jina la mji wa Edinburgh, imefasiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo. Maandishi ya namna hii hayahesabiwi kuwa fasihi, na kwa sababu hiyo ni nadra kufika mbele ya wahakiki. Walakini ni maandishi. Yana mtindo wake, yana msamiati wake, yana msomaji wake, na mara nyingi msomaji huyo ni muuguzi anayemsomea kwa sauti mwanamke aliyempakata mtoto wa wiki sita.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba duniani kote kiasi cha asilimia 10 ya wanawake wenye mimba, na asilimia 13 ya waliojifungua karibuni, hupata ugonjwa wa akili, na zaidi ya yote ugonjwa huu wa huzuni nzito. Katika nchi zinazoendelea hesabu hupanda kufikia asilimia 15.6 wakati wa mimba na 19.8 baada ya kuzaa. Hesabu hizi hutokana na maneno. Hakuna damu inayotazamwa katika hadubini wala joto linalosomwa kwenye kipimajoto. Kuna swali na kuna jibu. Neno likipotoka, hesabu imepotoka, na nyuma ya hesabu yuko mama aliyerudishwa nyumbani hali ni mgonjwa, au aliyeandikwa mgonjwa hali amechoka tu.

Sifa ya kwanza ya orodha ya Edinburgh ni kile ilichokiacha. Orodha zilizotangulia ziliuliza habari za uchovu, za hamu ya kula na za nguvu za mwili. Na mzazi yeyote, mzima au mgonjwa, huwa amechoka. Watungaji waliuondoa mwili karibu wote, wakabakiza hisia na fikira. Huo ulikuwa uamuzi wa busara katika Kiingereza. Katika Kiswahili uamuzi huo huo waleta taabu, kwa sababu mpaka kati ya mwili na hisia haukupita mahali pale pale. Mswahili aghalabu hasemi kwamba ana huzuni. Husema moyo unamwuma, roho haimkai, mwili umemlegea. Moyo ni kiungo na ni makao ya hisia kwa pamoja, na msemaji halazimiki kuchagua. Orodha inayokimbia mwili yaweza kukimbia pamoja nao sentensi zile zile ambazo mwanamke angezitumia kujieleza. Na kinyume chake ni hatari vilevile: mama asemaye moyo wamwuma huenda akapelekwa kusikilizwa kifua, akaambiwa ni mzima, akarudi kwao.

Kuhusu jina la ugonjwa, waandishi wa Tanzania wamelishika neno sonona, na uchaguzi huo wastahili kusifiwa. Ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kuuma na kutia uchungu, na mnyumbuliko wake, sononeka, ni kuumia moyoni. Kwa hiyo jina jipya limesimama juu ya lugha iliyokuwapo. Kenya huandikwa mara nyingi unyogovu, neno lisilo na kitenzi kinachosikika katika mazungumzo ya kila siku, na msikilizaji hubaki amelishika kama aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Tatizo kubwa liko kwenye neno linaloonekana kuwa jepesi kuliko yote, nalo ni mawazo.

Wazo na mawazo ni umoja na wingi kwa sheria ya sarufi, lakini kwa maana yametengana. Mwenye wazo ana shauri la kutoa. Mwenye mawazo ana dhiki. Mtu akisema juu ya jirani yake kwamba siku hizi ana mawazo, hakuna atakayeuliza ni mawazo gani, mazuri au mabaya, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kujibu. Kitenzi chake chafuata njia hiyo hiyo: kuwaza ni kufikiri, na kuwaza na kuwazua ni kugeuza jambo moja huku na huku usiku kucha bila kulifikisha popote. Lugha za jirani zina maneno ya ukoo huu. Kishona kina kufungisisa, ambapo kiambishi cha mwisho chazidisha tendo la kufikiri mpaka likawa maradhi, na mwaka 2013 neno hilo liliingizwa katika kitabu cha magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani, katika sehemu ya namna ambazo watu wa mahali mbalimbali huieleza dhiki yao. Kiswahili hakina kiambishi cha kuzidisha cha namna ile, bali kimefanya kazi hiyo kwa kutumia wingi wa jina. Ni njia ya werevu, na mfasiri asiyeitambua hujikwaa.

Hujikwaa hivi. Elimu ya sasa ya ugonjwa huu hutaja sana fikira za namna fulani zinazomwelemea mama, na waandishi wa Kiswahili wameziita mawazo hasi. Neno hasi limetoka katika hesabu, ambako hutumika kwa namba zilizo chini ya sifuri, na huko halina kosa. Kwa mfugaji, kuhasi ni kumwondolea mnyama uwezo wa kuzaa. Si bahati njema kwamba neno lenye sauti hiyo limepelekwa kwenye wodi ya wazazi, ingawa yawezekana kwamba wachache tu huisikia. Lakini hata msikilizaji akiyaacha hayo, bado kuna makosa mawili. La kwanza ni kwamba mawazo yakishaitwa mawazo yamekwisha kuwa mzigo, na hasi haiongezi kitu. Na mshirika wake, mawazo chanya, husikika kama mzigo mwepesi au kama maoni ya mkutanoni. La pili ni zito zaidi. Neno hasi lamfundisha mzazi kwamba ubaya wa wazo uko katika ukanushi wake, na jambo hilo ni uongo katika lugha hii kuliko katika nyingine nyingi.

Mswahili akiulizwa hali hujibu sijambo, na sijambo ni kikanushi: hana jambo. Hapana neno, si kitu, haidhuru, si haba. Haya yote ni maneno ya afya, ya faraja au ya shukrani, na yote yameundwa kwa kukanusha. Kwa upande mwingine, fikira za kutisha kabisa zaweza kusemwa bila kikanushi hata kimoja: watu wote wananicheka; mtoto huyu atakufa mikononi mwangu; bora nife. Mwanamke aliyefundishwa kuchungulia mawazo yake hasi atazipita sentensi hizi kama mtu atafutaye nyoka kwa kuangalia majani ya kijani tu. Sarufi ya Kiswahili imeweka uzima upande wa kukanusha, kwa sababu imeuona uzima kuwa ni kutokuwapo kwa jambo. Mfasiri anayo haki ya kuona vingine, lakini hana haki ya kutojua.

Afadhali neno lipatikane kutoka kwenye mzizi wa -faa. Mawazo yanayofaa na mawazo yasiyofaa, ama yanayodhuru, ni semi zinazoeleweka na kila mtu, na zina fadhila moja ambayo hasi na chanya hazina: hazihukumu kama wazo ni la kweli au la uongo, zauliza tu kazi yake. Swali la mama, je, wazo hili lanifaa nini leo, laweza kuulizwa hata juu ya wazo ambalo ni kweli tupu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ni mdogo kweli; kulirudia jambo hilo kila saa hakumwongezei uzito.

Mbinu yenyewe imekwisha kupimwa, na tena si Ulaya. Huko Pakistan, katika wilaya ya Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, kuwatembelea wenye mimba waliokuwa na ugonjwa huu. Ziara zilikuwa 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, tatu katika mwezi wa kwanza baada ya kuzaa, kisha moja kila mwezi kwa miezi tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya mama 903 walioandikwa, wale waliotembelewa kwa njia hii walionekana bado wagonjwa kwa asilimia 23 miezi sita baada ya kuzaa, na wale wa upande wa pili, ambao nao walitembelewa lakini bila mafunzo haya, kwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitoa mbinu hiyo kama kitabu cha mwongozo. Hatua zake ni tatu: mama ajifunze kulitambua wazo linalomdhuru, aweke mahali pake linalomfaa, kisha atende kwa kulifuata. Picha hutumika, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Na jambo la kupendeza kwa mwanaisimu ni kwamba wahudumu hawakuingia majumbani kwa jina la ugonjwa wa akili. Waliingia kwa habari za mtoto na afya yake, jambo ambalo mume na mama mkwe walilikubali bila ubishi.

Swali la mhakiki ni hili: hatua ya kwanza itafanywa kwa Kiswahili gani? Msingi wake ni mafundisho ya Aaron Beck wa Philadelphia, ambaye tangu miaka ya 1960 alieleza kwamba mgonjwa wa huzuni hujiona vibaya mwenyewe, huiona dunia vibaya, na huiona kesho vibaya, na kwamba hupanda kutoka tukio moja hadi hukumu ya maisha yote. Vitabu hueleza kupanda huko kwa majina marefu ya kitaalamu. Kiswahili chaweza kukuonyesha kwa silabi mbili. Mama asemaye leo nimeshindwa kumnyonyesha ametaja tukio; kiambishi -me- kimelifunga jambo kwenye wakati wake, na kesho yaweza kusema nimeweza. Mama asemaye mimi ni mama mbaya ametoka kwenye kitenzi na kuingia kwenye ni, na ni haina wakati. Haina jana wala kesho, haina leo tu. Neno dogo hilo hutumika kusema kwamba maji ni maji na mawe ni mawe. Mzazi anapojiweka upande wa pili wa ni amejitia katika orodha ya vitu visivyobadilika, na mhudumu mwenye sikio hana haja ya kumfundisha nadharia. Amrudishe tu kwenye kitenzi. Ulifanya nini, lini, mara ngapi? Ni lini uliweza? Majibu ya maswali hayo hayawezi kujengwa kwa ni.

Dalili nyingine ziko karibu: kila, -ote, kabisa, kamwe, siku zote. Hizo zatajwa katika vitabu vyote na hazihitaji kurudiwa hapa.

Kuna hazina ya pili ambayo waandishi wa miongozo, kwa kadiri wanavyoifuata njia ya Kiingereza, huelekea kuiacha. Kwa Kiingereza mtu ndiye afikiriye. Yeye ni mtenda, wazo ni tendo lake. Kiswahili chaweza kusema hivyo, lakini chaweza pia kusema wazo limenijia. Hapo wazo ndilo mtenda. Limetoka mahali, limefika, na aliyefikiwa bado ni mtu mbali na mgeni wake. Umbo la kutendea katika -jia lafanya bila ya jasho kile ambacho wahudumu wa nchi nyingine huhitaji ziara kadhaa kukieleza, yaani kwamba mama na wazo lake si kitu kimoja. Sifai ni hukumu. Wazo la kuwa sifai limenijia usiku ni habari, na habari yaweza kuulizwa ilikotoka. Ni ajabu kidogo kwamba lugha iliyojaliwa umbo kama hili itafsiriwe kwa nafikiri kwamba, nafikiri kwamba, ukurasa mzima.

Hata hivyo mawazo mengine hayaji kutoka gizani. Hutoka vinywani mwa wazee. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, huambiwa mzazi siku ya tatu, na aliyesema hakukusudia ubaya. Lakini mwanamke aliyepasuliwa tumbo au aliyeshinda siku mbili na uchungu husikia kwamba alilolifanya halikuwa kitu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, huambiwa pia, na ambaye bado hajahisi lolote kwa mtoto wake, jambo linalowapata wengi katika ugonjwa huu, hujiuliza kama yeye ni mzazi kweli. Mbinu ya Beck humtaka mgonjwa atafute ushahidi dhidi ya wazo lake. Methali haitafutiwi ushahidi. Ni utovu wa adabu. Lakini jadi ya Kiswahili ina njia yake, nayo ni kuijibu methali kwa methali, na jibu lipo: mkono mmoja haulei mwana. Mhudumu akilijua hilo hatakuwa amemvunjia heshima mama mkwe aliyekaa pembeni mwa kitanda, na huenda akampata kuwa msaidizi.

Kurudi kwenye orodha ya Edinburgh, kuna tundu moja ambalo limo katika Kiingereza chenyewe, na Kiswahili hulipanua. Kifungu cha tatu humwuliza mama kama amejilaumu pasipo haja mambo yalipokwenda vibaya. Cha nne, kama amekuwa na wasiwasi bila sababu ya maana. Cha tano, kama ameshikwa na hofu bila sababu ya maana. Vifungu vitatu kati ya kumi, alama 9 kati ya 30, vimefungwa na sharti hilo. Katika Kiingereza sharti lenyewe ni laini, na msikilizaji huweza kulipita. Mfasiri akiandika bila sababu, sharti limekuwa kauli kamili, na mama hulijibu. Mwanamke mzima aliyejilaumu juzi akacheka jana atasema ndiyo, nilijilaumu bure. Mwanamke mgonjwa kweli, aliyeshika yakini kwamba homa ya mtoto imetokana na uzembe wake, atasema hapana; hakujilaumu bila sababu, sababu anayo. Ugonjwa wenyewe ndio uliompa sababu. Swali limempa mzima alama na limemwondolea mgonjwa, na kwa kadiri ugonjwa ulivyo mzito ndivyo jibu lake litakavyokuwa safi.

Dawa yake si ngumu: mfasiri aliondoe sharti, aulize tu kama amejilaumu sana, na kuhusu wasiwasi na hofu aulize kama vimekuja hata pale ambapo wenzake walikuwa wametulia. Macho ya wenzake ni kipimo ambacho mgonjwa aweza kukisoma bado, hali kipimo chake mwenyewe kimeharibika. Wapo watakaosema kwamba kifungu kikibadilishwa hivyo alama za Mombasa haziwezi kulinganishwa tena na alama za Edinburgh. Ni kweli. Lakini zilikuwa zikilinganishwa na nini hapo kwanza, ikiwa majibu yalikuwa yamegeuka chini juu? Kazi zilizofanyika Afrika Mashariki zaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 habari za orodha ya vifungu 19 iliyotungwa Tanzania kwenyewe, na mwaka 2018 Eric Green na wenzake walitoa habari za orodha iliyotungwa Bungoma, Kenya, kwa ajili ya wenye mimba na waliojifungua, ambayo iliunganisha vipimo vya madaktari na semi za watu wa mahali pale. Kazi za namna hii zaanza kwenye sikio, ndipo zifike kwenye karatasi.

Nyakati za vitenzi nazo zina mtego. Kiingereza cha orodha kimesimama juu ya umbo la kitenzi linaloweza kuichukua wiki nzima ndani yake. Kiswahili hakina umbo hilo. Nimechoka ni hali iliyopo. Nimelia ni tendo lililokwisha, na aliyelia mara moja Jumatatu na aliyelia kila usiku wote wawili wasema kweli wakisema nimelia. Wafasiri wa maandishi kama haya hukimbilia nimekuwa nikilia, nimekuwa nikihisi, nimekuwa nikijilaumu. Sarufi yake haina kosa. Yanuka wino tu. Mzazi mwenyewe husema nalia tu, au kila nikimtazama nalia. Katika nalia tu, neno tu halipunguzi kitu. Lasema kwamba kilio hakina mwanzo wala mwisho wala mtu wa kukizuia, na hakuna jibu kati ya yale manne ya karatasi linalolipata vizuri zaidi.

Halafu kuna ndiyo. Vifungu vya mwanzo vimeandikwa upande wa furaha: mama ameweza kucheka, ametazamia mambo kwa hamu. Muuguzi anayesoma kwa sauti hugeuza kauli kuwa swali, na akiona uso wa mama umekunjamana hugeuza swali kuwa la kukanusha: hukuweza kucheka? Kwa Mswahili wa kawaida ndiyo hapo yakubali kauli kama ilivyo, yaani kweli, sikuweza. Kwa aliyezoea Kiingereza cha shule ndiyo yaweza kuwa niliweza. Kalamu haijui tofauti. Tena swali hili hufuata maamkizi, na maamkizi yana majibu yaliyofungwa: aulizwaye habari za uzazi husema njema, hata kama damu haijakatika na maziwa hayajatoka, kwa sababu kusema vingine mbele ya mgeni ni kukosa shukrani. Maswali mawili ya kwanza ya orodha, yakisomwa kwa sauti ile ile ya maamkizi, hupokewa kama maamkizi. Muuguzi hupata njema mbili za kwanza bure, na yafaa ajue hivyo.

Kifungu cha kumi ndicho kinachobeba roho ya mtu. Kwa Kiingereza chauliza kama wazo la kujidhuru limempitia mama. Kanuni inayofuatwa na waganga ni kwamba jibu lolote hapo lisilo sifuri lishughulikiwe siku hiyo hiyo, bila kungoja jumla ya alama. Kwa hiyo kosa la tafsiri katika kifungu hiki haliwezi kusahihishwa na vifungu vingine tisa.

Kujidhuru ni neno la heshima, na wengi watalichagua kwa sababu ya heshima yake. Lina upungufu wa aina mbili. Kwanza ni neno la ofisini. Mwanamke wa kijijini aweza kulisikia kama kujidhuru kwa kazi nzito au kwa kuchelewa kula. Upungufu wa pili umo katika kiambishi -ji-. Kiambishi hicho chataka mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja, nao wazo la kifo la wazazi wengi, Waislamu na Wakristo, halina mtu huyo. Aliyekatazwa na dini yake kujitoa roho hasemi nitajiua. Husema natamani nilale nisiamke. Husema Mungu anichukue tu nipumzike. Husema bora nife mtoto alelewe na mwenye uwezo. Mtenda katika sentensi hizi ni Mungu, au usingizi, au hakuna. Akiulizwa kama amewaza kujidhuru, atajibu kamwe, atakuwa amesema kweli, na ataandikiwa 0.

Wafasiri wengine huogopa kuandika wazi kwa kuhofu kwamba swali litampandikizia mama wazo asilokuwa nalo. Elimu ya leo haiungi mkono hofu hiyo. Kuuliza juu ya kujiua hakumsukumi mtu kwenye tendo, na aghalabu humpunguzia mzigo. Basi kifungu cha kumi chapasa kuulizwa kwa ngazi. Kwanza: je, kuna wakati umetamani ufe, au Mungu akuchukue? Kisha, kwa aliyekubali na kwa aliyesita vilevile: je, limekujia wazo la kujiua mwenyewe? Swali la kwanza laondoa -ji- na kumwachia mama Mungu wake. La pili laleta limekujia, ili lile wazo liwe mgeni, lisiwe hukumu juu yake. Asili ina mstari mmoja mahali hapo, na Kiswahili kitakuwa na miwili.